Chupa Zilizokataa Kurudi Bandani

Jina la Bi Povu alilipatia kazini, na aliyembandika ni wifi yake mwenyewe, yule anayeitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Mawifi hawa wawili walifanya kazi bega kwa bega katika banda la kuoshea chupa la kiwanda cha soda. Lilikuwa banda refu la mabati, limeegemea ukuta wa nyuma wa kiwanda kama mtu anayepunga upepo. Humo sakafu haikauki. Ukiingia na viatu vya ngozi, unatoka navyo vimekuwa kitu kingine.

Kazi yenyewe haina maneno mengi. Chupa tupu zinarudi kutoka madukani ndani ya kreti, kreti za plastiki za bluu zilizopauka kwa jua. Zinatumbukizwa kwenye pipa la maji moto yenye magadi, zinalala humo mpaka uchafu ulegee. Kasuku anasugua ndani kwa brashi ya mpini mrefu, anaiinua chupa kwenye mwanga kuona kama hakuna mende aliyejifia humo, kisha anampa Bi Povu. Na Bi Povu ndiye wa mwisho. Hakuna chupa iliyotoka katika banda lile kwenda kujazwa bila kupita mikononi mwake.

Mikono hiyo ilikuwa na mazoea yake. Pembeni ya beseni aliweka kopo la mchanga laini, mchanga aliouchekecha mwenyewe nyumbani, na dodoki juu yake. Chupa ikija aliigeuza kichwa chini, akachota mchanga kidogo, akazungusha dodoki kitakoni, kwi kwi kwi, kisha akasuuza. Katika maagizo ya kiwanda mchanga haumo. Aliyemfundisha ni mama mkwe wake, mama yake Kasuku, aliyelikalia beseni lile lile kabla yake. Marehemu alikuwa akisema chupa ni kama mtoto mdogo: ukitaka kujua kama ameogeshwa, usimtazame usoni.

Kasuku, pamoja na kuzaliwa na mwenye somo, hakusugua kitako hata siku moja.

"Wewe mama alikufundisha, mimi alinichapa," alisema. "Kila mmoja na urithi wake, wifi."

Basi wakaenda hivyo, miaka ikapita, mpaka asubuhi moja msimamizi wa banda alipowaita wote waache kazi wasogee. Alikuwa mtu mnene, mpole, ambaye akipanda ngazi tatu anahema kama amebeba mtu. Kando yake alisimama binti aliyevaa buti za mpira mpya kabisa, bado zina karatasi ya dukani kwenye soli.

"Huyu ametoka halmashauri," msimamizi alisema. "Kazi yake ni vipimo. Anapima vitu vinavyozunguka humu mjini. Chuma, karatasi, kioo. Vinaingilia wapi, vinakaa wapi, vinarudi vipi."

"Shikamooni, mama zangu," yule Binti wa Vipimo akasema.

"Marahaba, mwanangu!" banda likaitikia.

Binti hakuzunguka mbuyu. Alisema kiwanda kinataka kujua jambo moja tu: chupa zinazotoka, zinarudi au hazirudi? Zikiwa zinarudi, banda linabaki. Zikiwa hazirudi, kiwanda kitaachana na kioo na kuanza kutumia plastiki, na plastiki haina mtu wa kuiosha.

Hata Kasuku alifunga mdomo.

Bi Povu ndiye aliyenyoosha mkono, bado unachuruzika maji. "Samahani, mwanangu. Mbona zinarudi? Hizi tunazoosha kutwa kucha ni nini, viazi?"

Wakacheka. Binti naye akacheka kidogo.

"Zinarudi, mama, lakini hatujui ni zipi. Labda ni za zamani, zilikuwa zimelala stoo na chini ya vitanda vya watu, sasa zinatolewa. Zikiisha hizo, zimekwisha. Kwa hiyo tumechukua chupa nyingi tukazitia alama. Zimejazwa, zimeshaingia mjini, zimechanganyika na nyingine. Mimi nitakaa pale mwisho, zikishaoshwa, nizitafute."

"Alama gani?"

"Hiyo sisemi, mama, unisamehe. Kazi zenu zimo humu. Nikiwaambia leo, kesho kila chupa itakuwa na alama."

"Huyu ametusoma," Kasuku akasema, na kicheko kikarudi.

Lakini Bi Povu hakucheka. Lilikuwapo jambo alilotaka kuliuliza. Wenzake waliporudi kwenye mapipa yeye alibaki.

"Mwanangu, chupa moja ikitoka ikarudi, ikatoka tena ikarudi, hiyo ni chupa ngapi?"

"Moja, mama."

"Na mimi nimeosha ngapi?"

"Mbili. Au zaidi, kadiri ilivyorudi."

"Kwa hiyo mimi hapa nimeosha chupa nyingi ambazo ni moja."

Binti aliinua macho juu akawaza. "Unaweza kusema hivyo," akajibu.

Bi Povu alirudi kwenye beseni lake kichwa kikimzunguka. Siku zote alikuwa akijihesabia kwamba ameosha chupa za kuijaza nchi, akizipanga moja moja zitafika mbali asikokujua. Sasa anaambiwa huenda ni zile zile, zinaondoka na kumrudia, na yeye hazijui sura. Alishika moja akaitazama. Ilifanana na nyingine zote.

Binti wa Vipimo aliweka kigoda mwisho wa banda, akaanza kazi. Kila chupa iliyotoka kwa Bi Povu aliishika, akaizungusha, akaigeuza, akaiweka kwenye kreti safi. Siku za kwanza alikuwa mchangamfu, anaimba chinichini. Bi Povu akimtupia jicho, binti anatikisa kichwa: bado. Wiki ikaisha, bado. Nyingine ikaja, bado. Nyimbo zikakatika.

Wanawake nao wakaanza kuitafuta hiyo alama, maana nani angekaa tu? Kila mtu alikuwa na alama yake kichwani. Bi Povu alidhani itakuwa herufi, au namba, au muhuri kama wa posta. Aliona chupa yenye mkwaruzo unaofanana na saba, akaikimbiza kwa binti, ikawa mkwaruzo tu. Kasuku akainua nyingine iliyopakwa rangi ya midomo shingoni, akapiga kelele banda zima lisikie:

"Alama hii hapa! Mwenyewe tumtafute tumpe pole!"

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa kinapungua unyevu. Jioni mwenzao mmoja aliuliza kama kiwanda cha sabuni kinaajiri. Mwingine alisema shemeji yake anajua mtu.

Kwa upande wake Bi Povu, kero pekee iliyoongezeka ilikuwa hizo kreti. Zimezeeka, aliona, zimeanza kuchuja rangi. Mara moja moja chupa zilimfikia na ubluu kitakoni, ubluu mkaidi ambao magadi hayakuuweza wala brashi. Ulitaka mchanga wa ziada na mkono wenye nia. Aliusugua akizilaani kreti kimoyomoyo, akasuuza, akaipeleka chupa kwa binti iking'aa. Binti akaigeuza. Bado.

Nyumbani hakupata nafuu. Mumewe alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, mtu wa kukaa barazani na redio iliyofungwa kwa mpira. Jioni moja alimkuta mkewe amesimama katikati ya jiko, ameshika kiuno.

"Umepoteza nini?"

"Hebu tazama. Hii ya mafuta ya kula, chupa ya soda. Hii ya mafuta ya taa, chupa ya soda. Ile inayozuia mlango, chupa ya soda. Mume wangu, zinazokataa kurudi zipo kwangu!"

"Hizo zimerudi," mzee akasema. "Zimerudi nyumbani."

"Sitanii."

"Wala mimi. Mimi nilikuwa naenda na lori, narudi, naenda, narudi. Uliwahi kunitia alama?"

"Ningejua nikutie wapi? Ulikuwa ukirudi umejaa vumbi, hata uso hauonekani."

Alicheka, lakini usiku ule akili haikutulia. Kesho yake alizimimina zote tatu, akazifunga kwenye kitambaa, akazirudisha kiwandani bila kudai chochote. Mlango ukabaki unajibamiza. Binti wa Vipimo alizipokea, akamshukuru, akamweleza kwa upole kwamba hizo hazitasaidia kitu, kwa sababu zilikuwa nyumbani kabla alama hazijawekwa. Bi Povu akajibu ndiyo, ameelewa. Hakuwa ameelewa.

Hatimaye msimamizi alikuja akiwa amevua kofia, na kwake yeye kuvua kofia si dalili njema. Alisema wiki ijayo binti anafunga kazi na kupeleka matokeo, na matokeo kila mtu anayaona. Haijarudi hata moja. Akaivaa kofia akatoka.

"Hata moja!" Kasuku akasema. "Hata kwa bahati mbaya? Chupa zenyewe zina roho ngumu hivyo?"

Hilo ndilo lililomchanganya Bi Povu kuliko yote. Chache, angeelewa. Lakini mji mzima uamke usirudishe hata moja, kana kwamba watu wamekaa kikao?

Magadi yalikuwa yamempasua vidole, kwa hiyo siku iliyofuata aliomba ruhusa akaenda zahanati kutafuta dawa ya kupaka. Foleni ilikuwa ndefu, wakawakalisha kwenye benchi la nje, mbele ya bustani ndogo ya maua. Mtunza bustani alikuwa akimwagilia. Alikuwa mtu nadhifu, na ukingo wa bustani yake aliupanga kwa chupa, amezizika kichwa chini, shingo ardhini na vitako juu, zimejipanga mstari kama askari wa gwaride.

Bi Povu akatazama vitako. Mazoea hayo. Mwingine akikutana na mtu hutazama viatu, yeye kwa chupa alitazama kitako. Akaona ubluu.

"Kreti hizo hizo," akajisemea.

Kisha akatazama tena. Ya kwanza ilikuwa na duara la bluu, jembamba, na mahali pamoja duara limekatika. Ya pili duara lile lile, limekatika vile vile. Ya tatu haina. Ya nne inalo. Aliinuka kwenye benchi akapiga magoti kwenye majani, mgonjwa wa jirani akadhani amezidiwa.

"Mama, vipi?" mtunza bustani akauliza.

"Baba, hizi chupa umezitoa wapi?"

"Duka la hapo kona. Si za kuokota, nimenunua soda nikanywa na watoto. Nilitaka mpya mpya, zipendeze."

Bi Povu alipitisha kidole juu ya duara. Rangi iliyochujwa na kreti hupaka ovyo, huku nzito, kule nyepesi. Hii ilichorwa na mkono wa mtu. Akazikumbuka zote zilizompitia na ubluu ule, akakumbuka kopo lake la mchanga na dodoki, na nguvu alizotia.

"Baba, naomba moja."

"Utaniachia pengo, mama."

"Nitakuletea mbili."

Aliing'oa ile chupa na udongo wake, akasahau foleni na dawa, akashika njia. Njiani alikuwa kama mtu aliyegombana na nafsi yake. Kama alama ndiyo hii, basi zilirudi. Lakini hii aliyoishika haikurudi, ilikuwa bustanini. Kumbe hazirudi? Lakini zile alizosugua je? Zilikuwa ngapi? Nyingi? Au ni kero tu ndiyo iliyozifanya zionekane nyingi? Na akisema, atasema nini, kwamba kazi ya watu wote ameifuta yeye kwa dodoki? Mara mbili alisimama. Mara mbili akaendelea.

Aliwakuta binti na msimamizi wamesimama penye kigoda. Akaikabidhi chupa bila salamu.

Binti aliigeuza. Akakunja uso, kisha akashtuka. "Mama, hii alama umeijuaje? Hutakiwi kuijua."

"Naijua sana, mwanangu. Nimeisugua mwezi mzima."

"Haiwezekani. Rangi hii niliijaribu mwenyewe. Magadi haitoki, maji moto haitoki, brashi haitoki."

"Na mchanga?"

"Mchanga gani?"

Hapo ndipo kila mtu alipogeuka kulitazama lile kopo, ambalo lilikuwa limekaa pale miaka yote na hakuna aliyewahi kuliuliza lina nini. Bi Povu alivuta beseni. Alichota mchanga, akageuza chupa, kwi kwi kwi, akasuuza, akarudisha. Kitako kiling'aa kama jicho la mtoto. Duara halipo.

Msimamizi alishika mashavu. "Mama," akasema, "umetuosha sisi sote."

"Mama yangu ni marehemu," Kasuku akasema kutoka kwenye pipa, "na bado anatutesa!"

Wengine walicheka, wengine wakamkazia Bi Povu macho. Binti ndiye aliyekaa chini kwenye kigoda kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imehama.

"Sasa sijui chochote," akasema. "Labda zilirudi zote. Labda zilirudi kumi. Siwezi kuandika ndiyo, siwezi kuandika hapana. Kosa ni langu pia, mama. Nilisoma maagizo ya kuosha, nikakodolea chupa tu, sikuwatazama mnavyoosha."

"Kwa hiyo banda linafungwa au halifungwi?" Bi Povu akauliza.

"Sijui, mama."

"Mimi nilidhani nyinyi wa vipimo mnajua."

"Tunapima kwa sababu hatujui."

Bi Povu alilifikiria jibu hilo, likamzidishia giza, akaliacha.

Binti alikwenda kwa wakubwa, akarudi na habari: wamekubali kazi irudiwe. Chupa nyingine zitatiwa alama nyingine, siri nyingine, na banda litasubiri. Sharti moja. Chupa zioshwe kama maagizo yasemavyo, bila kuongeza kitu.

Kopo likaondolewa. Dodoki likaondolewa. Bi Povu akakaa kwenye beseni lake mikono mitupu, akaanza kuosha nusu chupa, kama alivyoiita yeye. Siku ya kwanza alijizuia. Siku ya pili binti alisimama nyuma yake, akamwona ameigeuza chupa na anakwangua kitako kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, huku anaongea na Kasuku mambo mengine kabisa.

"Mama!"

Bi Povu aliruka. Akautazama ukucha wake. Kweli hakujua kama unafanya kazi.

"Wifi, mikono hiyo tuifunge kamba?" Kasuku akauliza.

Bi Povu aliinuka, akafuta mikono kwenye aproni, akamwendea msimamizi. Alisema jambo ambalo hakuwahi kudhani litatoka kinywani mwake: kwamba beseni lile apewe mwingine. Apewe Kasuku, maana Kasuku hata umlipe hasugui kitako. Yeye atakaa mlangoni apokee kreti zinazoingia na kutenga zilizovunjika. Msimamizi alijua beseni lile lilitoka kwa mama mkwe.

"Una hakika, mama?"

"Sina," Bi Povu akasema. "Lakini mikono yangu inafunga banda, na mimi nimeshindwa kuikataza."

Huko mlangoni kulikuwa na jua na vumbi, na magurudumu ya mikokoteni. Alipanga kreti. Kutoka pale aliziona chupa zikipita kwa Kasuku, zikisuuzwa haraka haraka, zikienda, na kila moja aliihisi kifuani kama mtu aliyetoka nyumbani bila kufunga kifungo. Alihamisha macho. Yakarudi yenyewe.

Siku zikaenda. Asubuhi moja aliwasikia wakipiga kelele ndani, akadhani pipa limepasuka. Binti wa Vipimo alitoka mbio, buti zake sasa zimechakaa kama za wenzake, ameshika chupa juu.

"Zinarudi, mama! Tangu juzi zinarudi, nilinyamaza niwe na hakika. Si moja, si mbili. Zinarudi!"

"Banda?"

"Linabaki. Nimeshapeleka habari, na wakubwa wamekubali. Si zote zinazorudi, nyingine ziko bustanini kwa watu huko, lakini zinatosha."

Bi Povu alikaa juu ya kreti. Alishukuru, akafuta macho kwa kiwiko, kisha akaipokea ile chupa, akaigeuza. Alitafuta herufi, akatafuta duara. Hakuona alama yoyote. Alichokiona ni utando wa tope kavu kitakoni, umeng'ang'ania ukingoni, umepita kwa Kasuku salama salimini.

"Alama iko wapi?"

"Bado sisemi, mama. Hesabu inaendelea."

"Na hili tope?"

Binti alilitazama kama ndiyo kwanza analiona. "Hilo mimi sipimi," akasema.

Kidole gumba cha Bi Povu kilikuwa kimeshaanza kusogea. Alikiona, akakikunja pamoja na wenzake. Akairudisha chupa kwa kuishika shingo, mkono ameunyoosha mbali na mwili, kama mtu anayekabidhi paka asiyemjua tabia, kisha akageuka kupokea mkokoteni uliokuwa unasubiri mlangoni.